Mifumo Miwili Kwenye Kompyuta ya Baba

Baba,

Shikamoo. Nina furaha, na hapa Nzuguni hakuna ambaye angeielewa kama wewe.

Kompyuta yako ipo. Tangu tukuzike imekuwa nzito. Ukiiwasha, unapika chai na kuinywa ndipo ifunguke. Fundi mmoja wa Kizota aliitazama akasema, "Dada, tufute kila kitu, tuanze upya." Nikaikumbatia, nikarudi nayo nyumbani. Nyimbo zako za kwaya zimo mle, na programu uliyoziandikia haifunguki kwingine. Ningefutaje?

Nikaamua kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ulio mwepesi, pembeni ya ule wa zamani, kila mmoja na sehemu yake ya diski. Jumamosi asubuhi nikachomeka flashi yenye mfumo huo. Nilikusikia kabisa: "Soma kwanza, Neema, ndipo ubonyeze." Nikasoma kila mstari wa maelekezo mara mbili.

Ikamaliza, ikajiwasha upya. Mfumo mpya huo, mwepesi, unapendeza. Wako haukuonekana.

Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mtama. Akauliza taratibu, "Umezifuta nyimbo za baba yako?"

Nikarudi kwenye maelekezo. Kumbe yalikuwa na ukurasa wa pili! Ilitakiwa niiambie kompyuta itafute mfumo mwingine uliomo. Nikaandika amri, nikazima, nikawasha. Yakatokea majina ya mifumo miwili. Nikachagua la mfumo wako.

Zimo, Baba. Zote! Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Sasa mwenye kompyuta ni Mama. Yeye ambaye ulimkataza hata kuifuta vumbi! Anaandika barua za kikundi chao kwenye mfumo mpya, kwa kidole kimoja, na hataki kusaidiwa. Jana aliniomba nimfungulie wimbo wako wa mavuno. Akasoma, akacheka mpaka machozi. "Hili neno la Kigogo baba yako alilikosea. Nilimwambia tangu siku ya kwanza, akabisha." Akalirekebisha mwenyewe.

Pumzika salama, Baba. Nakuahidi nyimbo zako hazitapotea mikononi mwangu. Jumapili kwaya itauimba wa mavuno, kanisa zima lisikie, na utaimbwa kwa neno la Mama. Safari hii huwezi kubisha.

Mwanao akupendaye,
Neema