Neno la Siri Kwenye Folio ya Kumi na Nne

Tafadhali. Wewe ambaye daftari hili limekufikia, hata kama umelikuta wazi mezani, nakusihi usimwambie mtu neno hata moja la humu. Usimsomee rafiki yako mkicheka. Hata kunitetea usinitetee kwa kurudia nilichoandika. Mimi ni karani mdogo, bado sijathibitishwa kazini, na watu ninaowataja wanaujua mwandiko wangu.

Makongeni, Thika. Alhamisi, Julai 1997.

Baridi ya mwezi huu haina adabu. Jua halijaonekana tangu asubuhi, manyunyu yanaanguka yakiacha, yakiacha yanaanguka.

Leo nimekataa kutia sahihi fomu.

Acha nieleze polepole, maana nikiandika haraka naanza kulia. Ofisi yetu ni ya serikali, inashughulikia maji. Mtu akitaka kuwekewa mfereji nyumbani, kuanzia hapa Thika hadi Ruiru, anaandika ombi, jina lake linaingia kwenye orodha, kisha anangoja zamu yake. Kwa miaka mingi orodha hiyo ilikaa katika kitabu kimoja kikubwa cheusi. Mwaka huu makao makuu yametuletea kompyuta, pamoja na programu ya kutunza orodha katika disketi tatu. Agizo lao lilikuwa wazi: programu isitumike mpaka karani aliyesomea kompyuta aijaribu mwezi mzima, aifunge kwa neno la siri, halafu atie sahihi fomu kwamba ni salama.

Karani aliyesomea kompyuta ni mimi. Hakuna mwingine.

Sasa, katika ofisi yetu kitu kisicho na folio hakipo duniani. Folio ni namba inayoandikwa juu ya kila karatasi inayoingia kwenye faili. Hata ombi la kununua ufagio lina folio. Siku nilipomwambia mkubwa wangu, Bwana Njoroge, kwamba nimeshachagua neno la siri, aliniuliza limeidhinishwa na nani. Nikamweleza kwa heshima kwamba neno hilo linafaa kujulikana na mimi peke yangu. Aliniangalia kama mtoto aliyekataa uji.

"Nekesa," akasema, "serikali haiwezi kutumia neno ambalo haijaliona."

Nikaliandika.

Hilo ndilo kosa langu na sitalificha. Chuoni nilifundishwa kwamba si sawa. Lakini barua yangu ya kuthibitishwa ilikuwa inatarajiwa mwezi huu, na sikutaka kuitwa mjuaji. Neno likawa folio ya kumi na nne. Faili ikapigwa mhuri wa SIRI, kisha ikaanza kutembea.

Neno lenyewe lilikuwa jina la ng'ombe wa nyanya yangu kule Bungoma. Afisa wa pili akaandika pembeni kwamba halina hadhi ya ofisi ya umma. Wa tatu akapendekeza MAENDELEO. Wa nne akaafiki. Faili ikaenda Ruiru kwenye ofisi yetu ndogo, ikarudi, na kila aliyeisoma akatia sahihi na tarehe, kama desturi inavyotaka. Siku neno lilipoidhinishwa rasmi, mama anayetuletea chai aliniuliza, "Nekesa, Maendeleo imekubali kufunguka leo ama bado?"

Nilicheka. Ningefanya nini?

Juzi Jumanne kicheko kiliisha. Alikuja Mama Nyokabi, mjane wa kutoka Theta, ambaye huja kila mwezi tangu kabla sijaajiriwa. Huwa hana maneno mengi. Anaomba afunguliwe kitabu cheusi, anaweka kidole chini ya jina lake, anahesabu walio mbele yake, anashukuru na kwenda zake. Mgongo wake umepinda kwa kubeba mitungi kutoka mtoni. Katika kitabu alikuwa amefika nafasi ya nne. Nikamwambia kwa fahari kwamba siku hizi tunatazama kwenye kompyuta, nikamgeuzia kioo. Akatafuta. Akarudia kutoka juu.

"Mwana wakwa, mwanangu, mbona hapa sijioni?" akaniuliza. "Kwani mimi nimeenda wapi?"

Alikuwa ameenda nafasi ya sitini na mbili. Nafasi ya pili ilikuwa na bwana mmoja wa Mwiki ambaye kitabu cheusi hakimjui kabisa. Programu huweka kumbukumbu ya kila badiliko, nani amelifanya na siku gani, na yeyote anayeingia kwa lile neno la siri huandikwa kwa jina langu. Aliyefanya: Nekesa. Siku: Ijumaa iliyopita. Na Ijumaa hiyo kutwa nzima nilikuwa Ruiru, nikiwafundisha makarani wenzangu kuwasha mashine.

Nilimdanganya Mama Nyokabi. Nilimwambia mashine haijisikii vizuri, arudi wiki ijayo. Akaipa pole.

Siku mbili nimekaa na jambo hilo tumboni. Leo asubuhi Bwana Njoroge akaniita. Kesho mgeni wa makao makuu anakuja kuzindua programu, kwa hivyo fomu itiwe sahihi leo kabla ya saa sita. Fomu ilikuwa mezani. Kando yake palikuwa na barua yenye jina langu, ile ya kuthibitishwa kazini, nafasi ya sahihi yake ikiwa tupu. Aliisogeza tu kwa kidole mpaka ikakaa sambamba na fomu.

Nikajikaza, nikamweleza habari za Mama Nyokabi.

"Kompyuta haikosei, binti," akasema. "Anayekosea ni anayeandika. Na jina lililo pale ni la nani?"

Sijui kama ni yeye aliyezihamisha nafasi. Sitaandika nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba aliniuliza swali hilo bila kushangaa.

Nikaomba nikaisome fomu mara ya mwisho. Ina maswali kumi, na wiki iliyopita nilikuwa nimeshayajibu yote kwa kalamu ya wino. Swali la saba linauliza kama neno la siri linajulikana na mhusika peke yake. Nilikuwa nimetia alama kwenye NDIYO. Ndiyo! Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, huku mama wa chai akilijua.

Badala ya kurudi kwenye meza yangu nikaenda masjala, chumba cha mafaili, kwa sababu ndicho chumba pekee ambamo mtu anaweza kulia nyuma ya kabati. Lakini Mama Zuhura hakunipa nafasi ya kulia. Yeye ni mkuu wa masjala, mwenyeji wa Majengo, na alianza kutunza mafaili kabla sijazaliwa. Nilimweleza yote. Alikuwa akifunga uzi kwenye faili na hakuinua macho.

"Nyinyi wasomi," akasema, "mnafunga mlango halafu ufunguo mnautundika msumarini."

"Ni wao walioniambia niliandike, mama."

"Na kalamu ilikuwa mkononi mwa nani?"

Akavuta faili yetu, akaifungua kwenye folio ya kumi na nne, akaanza kuhesabu sahihi kwa ncha ya penseli. Zilikuwa kumi na moja. Kila moja na tarehe yake, na zote zilitangulia Ijumaa ile.

"Hawa wote wanalijua neno," akasema. "Wametia sahihi kwamba wanalijua. Unataka shahidi gani mwingine, mwanangu? Walitaka kila kitu kiwe kwenye faili. Basi na woga wako utie kwenye faili."

Mwezi mzima nimeilaani desturi hii ya folio, na kumbe karatasi ikishapewa namba haitoki. Ukiichomoa, hesabu inaruka, na Mama Zuhura ana rejista yake ya namba zote anayoifungia kwenye kabati la chuma.

Nikaketi kwenye kiti chake nikaandika. Nilichana karatasi mbili kwanza, maana ya kwanza ilikuwa na maombi ya msamaha mengi kuliko maelezo, na ya pili ilikuwa na hasira. Ya tatu niliandika hivi: kwamba programu haijawa salama, kwamba neno lake limesomwa na maafisa kumi na mmoja kama folio ya kumi na nne inavyoonyesha, kwamba orodha ya kompyuta na ya kitabu cheusi hazilingani katika nafasi ya pili na ya nne, kwamba siku ya badiliko nilikuwa Ruiru, na kitabu cha wageni cha huko kina sahihi yangu ya kuingia na kutoka. Kwenye fomu nikaikata ile NDIYO, nikatia sahihi kando ya masahihisho. Chini kabisa, panaposema programu ni salama, sikuandika kitu.

Ikawa folio ya ishirini na mbili. Mama Zuhura akapiga mhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Mgeni wa makao makuu huwekewa faili mezani ikiwa imefunguliwa kwenye folio ya mwisho. Nayo ni desturi.

Nilimrudishia Bwana Njoroge fomu saa tano na nusu. Akaitazama ile nafasi tupu. "Sawa," akasema. Akaichukua barua yangu, akaitia kwenye droo, akazungusha ufunguo.

Hakuna aliyenisemesha tena kutwa nzima.

Kabla ya kutoka nilifanya mambo mawili. Jina la Mama Nyokabi sikulirudisha mahali pake. Iliniuma, lakini nikiligusa nitakuwa nimezifuta nyayo za aliyeliondoa, na mabadiliko yote yatakuwa ya Nekesa kweli. La pili, nimebadilisha neno la siri. Jipya halina folio.

Ningekuwa mwongo kusema najisikia shujaa. Najisikia mgonjwa. Shangazi, ambaye ni fundi cherehani na ndiye ninayeishi kwake, ameshatangaza kanisani kwamba mwezi huu nathibitishwa, na gauni la siku hiyo amelining'iniza mlangoni, bado pindo tu. Nimelipita mara tatu jioni hii bila kumwambia. Nitamwambia kesho nikitoka kazini, kama bado nitakuwa na kazi ya kutoka.

Kwa hivyo, wewe unayesoma. Ukienda ofisini ukute mtu mwingine kwenye kiti changu, usiulize kwa sauti. Nenda masjala, mwambie Mama Zuhura unatafuta folio ya ishirini na mbili, naye atajua la kufanya. Ama njoo hapa Makongeni baada ya saa kumi na moja jioni, nyumba ya nyuma ya duka la mafuta taa, mlango wa bati la kijani. Bisha mara moja tu, shangazi ana presha. Usiseme umetoka ofisi ya maji. Sema umeleta nguo ya kupunguzwa. Nitatoka mwenyewe, na lolote utakaloniuliza nitakujibu.