Dirisha la Bima

Galbet, Garissa
9 Agosti 2025

Kwa dada yangu, abaayo yangu Mkamburi,

Salamu nyingi, na nabad, amani, kutoka kwangu. Natumai u mzima huko Wundanyi, na mama yako ameamka na nguvu. Mimi ni mzima wa kuwaambia watu tu. Nakuandikia barua nzima kwenye simu kwa sababu nikikupigia utasikia sauti yangu utajua, na mimi nataka nieleze kwa mpangilio, kama ulivyokuwa ukiwafundisha watoto insha, wewe mwalimu na mimi karani nasikiliza dirishani.

Nimepata uvimbe. Titi la kushoto, upande wa kwapa. Hauumi. Niliugusa nikioga, nikasema ni jipu, lakini wiki mbili zimepita na bado upo, mgumu kama kokwa ya tende. Daktari ameniambia niende nikapigwe picha ya matiti, ile mashine inayobana. Lakini unajua kilichoko juu ya titi hilo hilo. Kile kifaa cha moyo nilichowekewa Nairobi, ulipoomba ruhusa shuleni ukanipeleka mwenyewe, bado kipo chini ya ngozi kama kiberiti. Wifi yangu Raho ameapa kwamba mashine ya picha itakizima, moyo usimame, nife nimebanwa pale na kifua wazi mbele ya watu. Nilicheka. Kisha chakula kikanishinda.

Abdilatif yuko Nairobi na duka lake, na hili si jambo la mama kumwambia mtoto wa kiume. Tangu mume wangu Nunow afariki, na ninyi walimu wa kutoka nje ya Garissa mhamishwe, nyumba hii ina sauti ya redio tu. Niambie, Mwalimu. Niende au nikae?

Abaayo yako,
Fosia


Wundanyi
12 Agosti 2025

Abaayo Fosia,

Nabad, nabad. Mama hajambo kidogo. Uji anakunywa, ila hageuki kitandani bila kugeuzwa. Mimi ni mgongo tu, na uvivu wa mstaafu.

Nimekukasirikia. Wiki mbili una kokwa ya tende kifuani na unamsikiliza Raho? Nimepiga simu ile kliniki ya moyo iliyokuwekea kifaa. Wanasema picha ya matiti haikizimi. Watu wenye vifaa hivyo hupimwa na kurudi nyumbani kwao. La muhimu ni uwaambie kabla hawajaanza. Wakijua, watakuweka vizuri ili mashine isikibane kifaa chenyewe wala kuvuta nyaya zake. Na kwa kuwa kinaweza kuficha sehemu ya titi, huenda wakaongeza picha nyingine au wakupime na altrasaundi. Beba ile kadi ya kifaa. Nenda.

Ningekuja, unajua ningekuja. Lakini nani atamgeuza mama? Na yeye, tangu wale walimu wenzetu wauawe huko na magaidi, nasi tukahamishwa, hataki kusikia hata jina la Garissa likitajwa mezani.

Dada yako,
Mkamburi


Galbet
20 Agosti 2025

Dada Mkamburi,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi nipo, alhamdulillahi.

Nimeenda. Sikupimwa. Sasa kaa ucheke.

Pale mapokezi kulikuwa na mama mmoja mgeni hapa kwetu. Kwa aibu sikutaja titi, nilimnong'oneza tu, "Nimekuja kubima." Unaujua ulimi wangu, p haijawahi kukaa juu yake. Akasema, "Bima? Dirisha la nne." Mimi nikadhani dirisha la nne ndiko wanakopima. Nikapanga foleni asubuhi nzima na wazee wameshika vitambulisho. Nilipofika, bwana mmoja akaniuliza, "Mama, bima yako ina shida gani?" Nikamwambia, "Ina ufimbe."

Akamwita mwenzake. "Huyu mama anasema bima yake imevimba." Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, ningefanya nini? Lakini mbele ya wanaume wale sikuweza kusema neno titi. Nikavuta shela usoni nikarudi nyumbani.

Zamani ungekuwa kando yangu. Ungesema, "Dada yangu anasema kupima," na mambo yangeisha. Miaka yote ile ulikuwa ulimi wangu, na sikujua kwamba nimeazima. Siku hizi nikitoka nyumbani sina wa kunisemea, nikirudi sina wa kusema naye. Sijui kama nitarudi huko.

Abaayo yako,
Fosia


Wundanyi
22 Agosti 2025

Abaayo,

Hujambo? Sisi hapa hatujambo. Nilicheka mpaka mama akauliza nimepata nini. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, maana ilikuwa kazi yangu kusimama pale.

Utarudi. Achana na kupima. Sema "picha". La, hiyo nayo ina p. Basi sema hivi: "Nimeletwa na daktari, ni titi, na nina kifaa cha moyo." Nimeitafuta sentensi hiyo nikimlisha mama uji, haina p wala v, nimeikagua. Iseme kwa sauti. Mwenye kuona aibu aone yeye. Na uombe mwanamke akuhudumie, ni haki yako.

Ukichelewa nitakuja kukuchapa, mama au si mama.

Dada yako,
Mkamburi


Galbet
4 Septemba 2025

Dada yangu,

Nabad? Mama amelalaje? Mimi leo nimechoka, ila ni uchovu mzuri.

Niliisema sentensi yako pale mapokezi kwa sauti mpaka mzee aliyekuwa nyuma yangu akasogea. Hakuna aliyenipeleka dirishani. Msichana wa mashine anaitwa Hinda. Nikaanza tena, "Nimeletwa na daktari," akanijibu kwa Kisomali. Ni mtoto wa hapa hapa. Kiswahili chote nilichojiandalia kikabaki mdomoni, nikamwonyesha kadi tu.

Alikigusa kifaa kwa vidole viwili kujua kinaishia wapi. Titi la kulia alilibana kama la mtu mwingine. La kushoto alilipanga chini ya kifaa polepole, akasema nikisikia kinavutwa niseme. Inauma, sitakudanganya, lakini ni kama kidole kilichobanwa na mlango ambao mtu anaufungua mara moja. Moyo haukusimama, Raho na aseme atakalo. Pale kifaa kilipoficha wakapima na altrasaundi, kisha daktari, mwanamke pia, akatoa kipande kwa sindano kikachunguzwe.

Wakauliza majibu yakitoka wampigie nani, maana simu yangu unaijua, kila mara haina chaji. Abdilatif, hapana. Raho, Galbet yote itajua kabla sijavaa viatu. Nikatoa namba yako. Hinda akauliza huyu ni nani wangu, nikasema dada yangu. Jina? Mkamburi. Akanitazama kidogo, kisha akaandika dada.

Abaayo yako,
Fosia


Galbet
15 Septemba 2025

Mkamburi,

Salamu. Natumai u mzima, na kwamba mama ndiye aliyekuchelewesha, si jambo jingine.

Hujanijibu. Zile alama mbili zimegeuka buluu, kwa hiyo barua umeisoma. Siku hizi simu yangu haikosi chaji. Naiweka dirishani na kuitazama. Raho alikuja na chai ya maziwa akauliza nina nini, nikasema ni joto. Redio nimeizima nisije nikakosa mlio wako.

Kama wamekupigia, usinifiche. Nimeogopa peke yangu ya kutosha.

Fosia


Mwingi, njiani
16 Septemba 2025

Abaayo Fosia,

Nabad. Afya yako sitaiuliza hapa, nitaiona kwa macho.

Nilikuwa nangoja majibu ndipo nikujibu, na walinipigia jana asubuhi. Majibu hawayatoi kwa simu. Walisema tu urudi Alhamisi, na usije peke yako. Nilikaa jikoni na simu mkononi mpaka uji ukaungua. Nilianza kukuandikia nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Wewe si mtoto, na mimi sitakudanganya: habari njema haihitaji mtu aje na mwenzake. Naogopa, Fosia. Naiogopa barabara hii, na Alhamisi naiogopa zaidi.

Mama nimemwachia kaka, nimemwita aje kutoka kazini. Aliponiona nafunga begi aliuliza naenda wapi. Nikamwambia kwa dada. Akauliza dada yupi, na sikumficha. Akasema usiku ni baridi, nichukue blanketi lake.

Basi limesimama watu wanywe chai. Jioni nitakuwa Galbet. Usinipikie kitu, usisafishe nyumba. Toa kiti nje ukae hapo, nikuone nikishuka. Alhamisi tutaingia wote wawili, na wakiuliza nani amekuja na mgonjwa, mimi ndiye nitakayejibu.

Dada yako,
Mkamburi