Neno Lililofuata Nyekundu

Dada Kabula,

Jumapili mchana nimelala, nimetoka shifti ya usiku, nikasikia jirani yetu Mama Siwema muuza uji anagonga ukuta wa mabati. "We Ngasa! Na wewe umeanza Kiingereza? Utatuletea mzungu humu!" Nikamwambia mimi sijasema kitu. Akasema, "Umesema. Redeem, komboa. Redeem, komboa. Tena kwa sauti ya Masalu."

Shikamoo dada. Nimeanza na hilo kwa sababu limenijaa. Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima.

Masalu nilikuandikia habari zake, ndiye tuliyekuwa tunalala naye chumba kimoja hapa Mwanza, tunakata wote minofu ya sangara kwenye hiki kiwanda kipya. Alikuwa na kamusi. Kila akiamka anasoma neno moja kwa sauti na maana yake, kesho linalofuata, bila kuruka. Alitaka awe msimamizi, aongee na wazungu wanaonunua samaki. Wiki iliyopita alipanda boti inayopeleka barafu visiwani, upepo ukaipindua. Wenzake waliogelea wakafika. Yeye hajaonekana. Wamemtafuta kwenye maji marefu mpaka tajiri mwenye boti kasema basi.

Jumatatu nimelala tena mchana, Mama Siwema akasikia: reduce, punguza. Jana akaja mlangoni, hacheki. "Leo ni reed, matete. Umelisema mpaka nimetoka nje na mwanangu."

Unajua mimi niliishia darasa la tatu, kile kitabu sijawahi kukigusa. Nikakifungua. Masalu alikuwa anaweka alama kwa gamba la sangara. Gamba lilikuwa kwenye red, nyekundu, neno alilosoma asubuhi ile anaondoka. Chini yake komboa. Chini yake punguza. Halafu matete.

Matete yapo, kupita mwalo wetu pale boti zinaposhusha samaki, na hakuna aliyeingia humo kutafuta. Ila nikisema wataniuliza nimejuaje, na wewe unajua anayejua maiti ilipo anaambiwa yeye ndiye kamla kwa uchawi. Jana nikanyamaza. Lakini mama yake Masalu amekuja kutoka Bujora, anashinda mwaloni juani, hali chakula, hataki matanga bila kaburi. Leo nikamwendea, nikamwambia yote nikiangalia chini.

Akasema, "Sijakuuliza umejuaje, mwanangu. Upande gani?"

Usimsomee mama haya. Mpe shikamoo yangu, na shemeji msalimie, na huyo mtoto wenu ambaye sijamwona, na baba mdogo anayetuchungia ng'ombe.

Naacha hapa, wananiita. Mtumbwi uko majini tayari na mama Masalu kakataa uondoke bila mimi. Anasema tukifika kwenye matete nijilaze, nifumbe macho, watu wote wanyamaze, amsikie mwanawe akisema yuko wapi.

Mdogo wako,
Ngasa