Pointi Arobaini na Moja za Sable

Thomasville, Georgia
16 Februari 1986

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi hii? Mama mafua yamemwacha? Sisi huku ni wazima kupita kiasi. Baba, ndoa ni tamu! Sijui watu hunung'unikia nini. Trela letu ukifungua jokofu, mlango wa bafu haufungiki, na paa linavuja juu ya mto wa Garrett tu, wangu mkavu. Jana mume wangu (ngoja niandike tena: mume wangu) aliniletea kahawa kitandani akiwa na mabuti ya tope na harufu ya bata mpaka kwenye nyusi, nikamwona mzuri kuliko siku ya harusi.

Sasa keti. Clem wetu ameshinda tena! Mbwa wadogo ishirini na wawili walishindana kuokota bata wanaorushwa, na yeye peke yake ndiye aliyekwenda moja kwa moja kwa kila bata aliyeanguka, bila kutangatanga na bila kupigiwa filimbi. Wa kwanza hupata pointi tano, kama wewe ulivyonifundisha kabla sijajua kusoma: tano, tatu, mbili, moja. Jumla yake sasa ni thelathini na saba. Ubao wa klabu yetu hapo nyumbani unasema mbwa wako Sable aliweka arobaini na moja mwaka 1958, na hakuna mbwa aliyemkaribia tangu hapo. Baba, tunamkaribia!

Clem anatimiza miaka miwili tarehe ishirini Aprili, na baada ya hapo haruhusiwi tena kushindana na wadogo. Yamebaki mashindano mawili: moja huku mwezi Machi, na lile la nyumbani tarehe kumi na mbili Aprili. Kaa tayari kumpa Sable mkono wa buriani.

Clem anakusalimu. Tangu ulipomlisha kababu za kaa chini ya meza yetu ya harusi, kila akiona mzee mwenye kofia ya kijani anatikisa mkia.

Mwanao mwenye furaha,
Merrilee


Easton, Maryland
24 Februari 1986

Mwanangu Merrilee,

Marahaba. Goti linauma, kwa hiyo bado ninalo. Mama yako amepona, anapika, anafoka.

Hongera kwa Clem. Katika duka la vyakula vya mifugo Homer Dize alinipokea kwa kelele mbele ya watu: "Wendell! Mkweo anakuja kukuvua taji!" Nikamwambia, "Mwache aje. Kichwa changu kikubwa, taji halivuki masikio."

Ila kuna jambo. Mwamuzi wa mbwa wadogo hapa nyumbani tarehe kumi na mbili Aprili ni mimi. Klabu iliniomba tangu mwaka juzi, nikakubali, wakati huyo Garrett wako alikuwa bado anakuja kwangu kuomba ushauri wa mbwa huku macho yakiwa jikoni. Na kanuni unaijua: mwamuzi hamhukumu mbwa wa mtoto wake, wala wa mkwewe. Mwezi Novemba ulipomjibu mchungaji "Ndiyo", Clem naye aliingia katika ukoo wangu. Mlisahau?

Miaka thelathini sijawahi kulirudisha neno nililoipa klabu. Texas nilihukumu siku tatu nikiwa na homa. Nikikaa kitini, Clem hashindani, na watu watasema mzee anailinda rekodi yake. Nikitoka, watasema anambeba mkwe. Nimekaa nalo hili tangu barua yako ifike, sijapata pa kulilaza.

Kuleni vizuri. Ziba hilo paa.

Baba yako


Thomasville
12 Machi 1986

Baba mpenzi,

Shikamoo, na goti nalo shikamoo. Sisi wazima, ila barua yako ilitukuta tukila, na Garrett aliweka uma chini taratibu kama anayeweka yai. Akasema, "Merrilee, tumeoana miezi mitano mapema." Kisha akacheka mpaka trela likatikisika, nami nikacheka, kisha nikalia kidogo, akanifuta machozi kwa taulo ya Clem. Baba, nampenda mno!

Kambi nzima ya kufundishia mbwa ina ushauri. Hoyt, bosi wetu, anasema, "Achaneni wiki moja, mrudiane Jumatatu. Mimi nimewahi kuachwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo." Baadaye akasema tumwandikishe Clem kwa jina lake yeye Hoyt, kwenye karatasi, kwa siku mbili tu. Garrett akajibu, mbele ya watu wote: "Clem ni wetu wawili. Nikisema si wa Merrilee, ni kama nasema sikuoa. Hilo silisemi hata kwa karatasi." Ungemwona! Kaptula imechanika, pua imeungua jua, na mimi namkodolea macho kama msichana wa miaka kumi na mitano.

Sikuombi ujitoe. Nakujua, na neno lako nalijua. Nakupa tu habari: Jumamosi Clem ameshika nafasi ya tatu. Pointi mbili. Sasa ni thelathini na tisa. Nyumbani akishika ya pili tu, atampita Sable.

Mwanao,
Merrilee


Thomasville
29 Machi 1986

Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, maana sijapata jibu, na si kawaida yako.

Mwisho wa kuandikisha mbwa ni Jumanne. Garrett amemwandikisha Clem. Tukikukuta kwenye kiti cha mwamuzi, tutamwacha Clem garini, tutakaa nyuma na watazamaji, na tutampigia makofi atakayeshinda. Hatutanuna. Nitavaa kofia nyekundu ili unione.

Mwanao akupendaye vilevile,
Merrilee


Eagle River, Wisconsin
23 Aprili 1986

Baba yangu, Baba yangu,

Shikamoo mara mia. Tumefika salama kwenye kambi ya kiangazi, huku bado kuna barafu kando ya ziwa, na mimi kila ninayekutana naye namsimulia siku ile ya mashindano. Najua ulikuwepo. Lakini ulikuwa upande ule wa maji, na mimi upande huu, kwa hiyo acha nikupe ya upande wangu.

Tulishuka garini, nikatazama viti vya waamuzi. Bi Harriet Vickers na yule bwana wa Pennsylvania. Wewe hupo! Nikamkimbilia Homer: "Baba anaumwa?" Akasema, "Haumwi. Mtazame kule." Nikatazama ng'ambo ya bwawa, kituo cha mbali kabisa cha warushaji bata. Mtu mwenye koti jeupe, amekaa juu ya ndoo, kreti la bata miguuni, kofia ya kijani. Mwamuzi mzima umekwenda kurusha bata kama kijana wa kibarua cha kiangazi! Mama akaninong'oneza, "Aliipigia klabu simu siku ile ya barua ya bosi wenu na talaka. Akanikataza kukwambia. Alisema mkijua mtalegea."

Mpaka jaribio la mwisho walibaki mbwa wanne. Bata wawili, wa karibu na wa mbali, na wa mbali ni wako. Ulimrusha juu sana, Baba, kwa ule mkono wako wa kushoto, akaanguka nyuma ya matete. Garrett alikuwa ameinama sikioni mwa Clem. Clem akaleta wa karibu upesi. Akatumwa kwa yule wa mbali. Akakata maji, akapanda ukingo, na pua ikamvuta kushoto. Kwako!

Hoyt nyuma yangu akasema, "Basi. Anakwenda kusalimia kababu."

Nilishika mkono wa Mama mpaka alama zikabaki. Garrett alikuwa na filimbi katikati ya meno, hakuipuliza. Akiipuliza tu, kwa wadogo ni kama kukiri kwamba mbwa amepotea. Na wewe ukafanya nini? Hukufanya kitu! Kisiki kingejitikisa zaidi. Clem alisimama mbele yako, mkia ukapiga mara mbili, dunia nzima ikasimama naye. Kisha akageuka, akaingia kwenye matete, akatoka na bata wako mdomoni, nami nikapiga kelele hata Bi Vickers akalazimika kunikazia macho.

Mmoja wa wale wanne, jike wa kahawia wa Delaware, hakusalimia mtu, kwa hiyo wa kwanza ni yeye, ni haki. Clem wa pili. Pointi tatu. Arobaini na mbili, Baba!

Ulikuja ukichechemea, ukamvulia Garrett kofia, ukasema, "Mkwe, mbwa wako hana adabu. Anapiga soga kazini." Watu wakaangua kicheko. Lakini picha ilipopigwa hukuwepo. Mama alisema umekwenda garini. Je, ulinuna? Ulilia? Niambie kweli, Garrett naye hajalala vizuri kwa hilo.

Mwanao,
Merrilee


Easton
4 Mei 1986

Mwanangu,

Marahaba mara mia na moja. Sote wazima. Goti liliketi juu ya ndoo kutwa nzima na halijanisamehe.

Nawe acha nikupe ya upande wangu. Clem alisimama karibu nami kiasi kwamba nilisikia maji yakimdondoka. Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake, na mfukoni mwa lile koti jeupe mlikuwa na kababu mbili za kaa za mama yako, chakula changu cha mchana. Alizinusa. Nilikaza macho mbinguni kama mlokole. Nikamsikia anaacha kuhema, kama mtu anayefikiri. Sijasikia mbwa akifikiri hivyo tangu Sable. Halafu matete yakavunjika, nikajua amechagua bata.

Neno nililoipa klabu lilikuwa kuwafanyia kazi siku ile kutoka asubuhi hadi jioni. Niliifanya, ila nilibadilisha kiti. Na rekodi inayobaki kwa sababu mwenyewe ameilalia si rekodi, ni yai viza.

Sikununa wala sikulia. Nilikwenda garini kula kababu zangu, maana nilikuwa nimezilinda kwa jasho. Mwambie Garrett alale. Ile filimbi aliyoibana katikati ya meno, hapo ndipo nilipompa binti yangu. Kanisani ilikuwa sherehe tu.

Ubao nimeupaka rangi mwenyewe. Clem yuko juu, Sable chini yake, na juu ya Clem nimeacha nafasi. Sikuiacha kwa bahati mbaya. Jumamosi nilikwenda Delaware nikarudi na mtoto wa mbwa, jike, wa kahawia, mdogo wake yule aliyemshinda Clem wenu. Mama yako anamwita Pepper, na tayari amekula soksi yangu moja, ya kulia.

Kwa hiyo nina ombi kwako na kwa mkwe. Mtu akiwaomba mwakani au mwaka wa pili kuwa waamuzi wa mbwa wadogo popote pande hizi, kataeni. Semeni mnaumwa. Kanuni ya ukoo inakata pande zote mbili: mkikaa kitini ninyi, Pepper hashindani, na mimi zamu hii nakuja kuchukua taji langu.

Baba yako, mrushaji bata