Mama Mildred Nasike, Wakili wa Mbwa wa Ainabkoi

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya baridi moyo wako ulipochoka ukatuacha. Hapa nyumbani Pioneer, Eldoret, Baba bado anapika chai ya saa kumi, na bado ni mbaya. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukiisifu.

Ulikuwa wakili wa kesi za mashamba na urithi, lakini mtaani walikuita Wakili wa Wanyama. Wengine walilitaja jina hilo kwa heshima, wengine kwa kicheko, nawe uliwaitikia wote. Wasichojua ni kwamba uliogopa kuku. Akipiga mabawa jikoni, wewe uko juu ya kiti unamwita Baba. Dada yako Nasambu alipokuuliza wewe ni mtetezi wa aina gani, ulimjibu ukiwa bado huko juu, "Kumtetea si lazima nimbebe!"

Ulipoanzisha kongamano la kila mwaka la sheria na wanyama, viti vilikuwa vingi kuliko watu. Baba alifunga duka akaketi mbele kabisa, na akaja na wateja wawili waliokuwa wamefuata sukari. Ulihutubia ukumbi ule mtupu kana kwamba ni bunge.

Halafu ikaja kesi ya Bosko. Mzee Wachira wa Ainabkoi alifika ofisini kwako kofia mkononi. Kondoo wa jirani yake, Mama Chepkoech, walikuwa wamepatikana wamekufa malishoni, na Bosko, mbwa wa Mzee, akakutwa hapo mdomo ukiwa na damu. Baraza lilikuwa limeamua apigwe risasi.

"Ni mbwa mzee, Wakili," alisema. "Lakini ndiye tunaongea naye tangu mke wangu aende."

Ulienda Ainabkoi siku hiyo hiyo. Ulipoomba nafasi barazani, watu walicheka. Mmoja akapaza sauti, "Wakili, huyo mteja wako ataapa na Biblia gani?"

Ulicheka nao. Kisha ukauliza, "Mtu akishtakiwa hapa, huwa mnamsikiliza kwanza ama mnamuua kwanza?"

Chifu akakubali daktari wa mifugo aitwe kabla kondoo hawajazikwa. Daktari aliwapasua mbele ya watu wote, akakuta matumbo yamefura kwa gesi. Walikuwa wamekula majani mabichi ya lusani yenye umande mpaka wakafa kwa kuvimbiwa. Bosko aliwakuta wameshakufa, akaonja nyama.

Mama Chepkoech alikukasirikia. "Umenishinda mbele ya majirani, sasa umefurahi?"

"Sijakushinda, Mama," ulimwambia. "Tungeua mbwa, na wale kondoo wamebaki wangekufa na majani hayo hayo."

Kisha akakuonyesha zizi lake, na daktari akamfundisha namna ya kuwalisha waliobaki. Kongamano lililofuata ulimwita aseme. Alisimama mbele ya mawakili waliotoka Nakuru, Kisumu hadi Kampala, akaanza hivi: "Mimi ndio nilitaka mbwa auawe." Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na wewe ulicheka mpaka ukapangusa macho. Tangu siku hiyo hakuna kiti kilichobaki kitupu.

Ulipotutoka, tuliogopa kongamano litakufa nawe. Wanakamati walikuja nyumbani kutupa pole, na katika kunywa chai (ile ile, Mama, na wakaimaliza kwa adabu) wakasema labda lipumzike mwaka mmoja, ama lihamishiwe Nairobi. Baba, ambaye siku zote alikuwa akilalamika kwamba wanyama wamemnyang'anya mke, aliweka kikombe chini.

"Litafanyika hapa Eldoret," alisema. "Mkikosa ukumbi, mje dukani kwangu. Tutakalia magunia."

Basi likafanyika mwezi uliopita, na ukumbi ulipatikana. Binti yako Wanja, aliyeapishwa kuwa wakili mwaka huu, ndiye aliyelifungua. Sauti ilimtetemeka mpaka dada yako Nasambu akapiga kelele kutoka nyuma, "Ongea, mtoto wa Nasike!" Akaongea.

Wakati wa chakula cha mchana simu ya Wanja ikalia. Punda alikuwa amegongwa na boda boda kule Yamumbi, ameachwa kando ya barabara, na mwenyewe alikuwa akitafuta wa kummaliza. Wanja aliangalia sahani yake, akamwangalia Baba.

"Enda," Baba alimwambia. "Nyama haitoroki."

Alitoka, na nusu ya meza ikamfuata: mawakili wenye suti, daktari wa mifugo, na Mama Chepkoech aliyebeba pilipili yake mkononi. Walimkuta punda hai. Mguu haukuwa umevunjika, ulikuwa umeteguka tu. Mwenye punda alikubali atibiwe, na mwenye boda boda akabaki kumshikia kichwa daktari alipokuwa akifunga bendeji. Wiki iliyopita tulienda kumtazama. Anatembea, na amemuuma mwanao Thuo begani.

Unakumbukwa na mumeo Wahome, watoto wako Wanja na Thuo, dada yako Nasambu, na majirani wote wa Pioneer. Pumzika kwa amani, Mama. Hatutakusahau kamwe, na kila tukikutaja, tutakutaja tukicheka.