Kuvumwani Hainyonyi Mti

Etterbeek, Bruxelles
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa ami yangu, Tonton Banza,

Kuvumwani hainyonyi mti, huulisha. Hilo ndilo nitakalolitetea, lakini salamu kwanza. Mgongo wako unaendeleaje? Presha ya mkeo, Maman Lucienne, imeshuka? Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, ninakwenda maktaba.

Kaka Numbi alinitumia sauti yako iliyorekodiwa siku ya mazishi ya Papa. Ulisimama kuisemea familia, ukasema: "Huyu mutoto yetu ya Bruxelles, bon, baba yake anazikwa, ye iko mu pori ya baridi na mousse yake. Mousse inanyonya muti. Donc na ye vilevile!" Watu wakacheka. Nimekisikiliza kicheko hicho mara tano. Sikuhisi kitu.

Basi nijibu kwa hoja. Mti wa kaskazini hukua kwa naitrojeni. Imejaa hewani, lakini mti hauwezi kuichukua humo. Kuvumwani, hiyo mousse uliyoitaja, ule mmea laini unaofunika udongo kama zulia, huhifadhi bakteria wanaoigeuza kuwa chakula. Kuvumwani ikioza, mizizi ya mti hupokea chakula hicho. Ndivyo yalivyofanya maharage aliyopanda Papa katikati ya mahindi kule Likasi. Uliyala miaka mingi, wala hukuyaita wanyonyaji.

Sasa joto linapanda. Miti inataka kukua upesi, hivyo huenda ikadai naitrojeni zaidi. Lakini kuvumwani ikikauka, bakteria huacha kazi. Nani ataulisha msitu? Hicho ndicho tulichokuwa tukikipima wiki tatu kaskazini mwa Uswidi, mahali pasipo na mtandao. Habari ya msiba ilinifikia siku nne baada ya mazishi. Numbi alikuwa amekueleza kabla hujasimama kwamba sipatikani. Hukulisema hilo.

Sijalia bado. Profesa Bram, msimamizi wangu, aliniambia nipumzike. Niliendelea kupima sampuli. Kipande kimoja cha kuvumwani kiko dirishani kwangu. Kilikuwa kikavu kama karatasi. Jana nilikinyunyizia maji, kikarudi kuwa kijani. Nilikitazama tu.

Nisalimie Maman Lucienne, Numbi na Shangazi Rolande. Mungu aitunze nyumba yenu, na ampe Papa pumziko.

Desemba mtaondoa matanga. Ulinihukumu mbele ya watu. Nijibu mbele ya watu walewale. Isome barua hii yote kwa sauti, kisha uwaambie, wewe uliyezaliwa naye tumbo moja, kama Papa aliwahi kusema kwamba nilimnyonya.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata sasa,
Kabeya