Udongo Niliokuletea

Dada yangu Minza,

Sijakuandikia tangu tukuzike kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumshuku, na hilo lilinitosha. Mama mkwe wako. Ndiye aliyekuambia, "We Minza, hivyo vidonge vya damu vinanenepesha mtoto tumboni. Utapasuliwa kama sangara!" Wanawake waliokuwa wakianika dagaa pale Igogo walicheka, na wewe ukacheka nao. Jioni nilikuona ukivimwaga chooni.

Chandarua ulichopewa kliniki nacho kilitandikwa juani, dagaa juu yake. Nilipokuuliza ulinijibu, "Mbu wa hapa tumezoeana, mdogo wangu." Mwezi wa saba wa mimba homa ya malaria ikakulaza. Siku ya kujifungua viganja vyako vilikuwa vimepauka, na damu kidogo uliyobaki nayo haikutosha kukurudisha nyumbani.

Lakini kila Jumamosi ulinituma sokoni nikuletee udongo, vile vipande vya kijivu wanavyotafuna wajawazito. "Chagua vinavyonukia mvua," ulisema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilivinusa kimoja kimoja, nikakuchagulia vizuri kabisa. Hili sijamwambia mtu.

Sasa nina mimba mimi, huku Mkolani. Nimesoma mpaka chuo kikuu, Minza, na sasa nafundisha, lakini nilifanya kama bibi zetu: nililificha tumbo lisionwe na jicho baya. Kliniki nilikwenda mimba ikiwa na miezi sita.

"Mwalimu, ulikuwa wapi?" nesi aliniuliza. "Dozi za kwanza za kuzuia malaria zimekupita. Ungeanza mimba ikiwa na miezi minne."

Alinipa vidonge vitatu vya dozi hiyo nimeze mbele yake. Niligeuza pakiti, nikasoma tarehe, nikasoma tena.

"Huo si mkataba wa kiwanja, mama. Meza."

Nikameza. Kisha akanipima damu, naye akaacha utani. Ilikuwa ndogo. Akaniuliza kama ninakula udongo, kwa sababu unazuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula. Nikasema hapana.

Jumapili mama mkwe wangu alikuja kutoka Bujora na maini na mchicha. Alinipakulia. Niliitazama sahani, nikakuona wewe, nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba uanze wewe."

"Marahaba." Alikula tonge, akatafuna taratibu, akameza. Hakukasirika. "Mimi chakula cha mama mkwe wangu nilikuwa nampa paka kwanza," alisema. "Haya, mimi sijafa. Kula, mwanangu."

Nilikula nikiendelea kumchunguza. Bado namchunguza. Anapochemsha maji nasimama mlangoni. Usiku anachomekea chandarua changu chini ya godoro, nami nakikagua upya akishatoka.

Ila jana, nikiwa peke yangu chumbani, nilijikuta nimeshaingiza mkono kwenye mkoba bila hata kuamua. Ladha ya udongo unaijua. Nilikaa na kipande hicho mdomoni, nikakumbuka watu wote niliowashuku kwa ajili yako, na watu wote ninaowashuku kwa ajili ya mtoto huyu. Nikakitema.

Nilimwita mama mkwe. Nikamkabidhi mkoba mzima.

"Kuna udongo humo. Utupe wewe, mama. Na vidonge vya damu kaa navyo, unipe kila siku uone nikimeza. Mimi sijiamini."

Pumzika, dada. Mama mkwe wako nimeacha kumshuku. Nisamehe mimi.

Mdogo wako uliyekuwa ukimtuma